Albamu ya Kwanza ya Kijana: Mkopo au Mchezo?

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii na vikundi vya kujisaidia vya Magadi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Wengine mmetoka Oloika kabla hakujapambazuka, kwa hivyo sitawazungusha.

Kuna kikundi kimoja cha kina mama hapa kilicholetewa ombi la mkopo ambalo hakijawahi kulipata. Kijana wa boma la mmoja wao, aliyemaliza kidato cha nne, ameomba pesa za sanduku. Hataki mbuzi wa kunenepesha wala pikipiki. Anataka kwenda studio Kitengela kurekodi albamu ya muziki wa kufokafoka, ule wanaouita rap au hip hop. Nyimbo kumi na mbili. Kikundi kikapasuka katikati. Nusu wakasema pesa ya shanga haiwezi kwenda kuliwa na kelele za mjini. Nusu wakasema huyu mtoto ana kipaji, akianza kusema hata wazee wanasimama kumsikiliza. Mwenyekiti wao akaniomba nizungumze juu ya jambo hili mbele ya vikundi vyote, kwa sababu leo ni kwake, kesho ni kwa mwingine.

Mimi si mwanamuziki, na si Mmaasai, mnajua. Lakini swali lenyewe si la muziki peke yake. Ni la pesa ya kikundi, ni la mtoto wenu, na ni la jina lenu. Basi nimetafuta mfano ambao tunaweza kuushika mkononi, na nimeupata si mbali. Ni albamu ya kwanza ya kijana wa Kimaasai wa upande wa pili wa mpaka, iliyotoka mwaka wa 2002.

Kabla sijaifikia, neno moja kwa wazee. Nasikia mkisema rap ni kitu cha Marekani kilichokuja kuharibu watoto. Ni kweli kwamba kwa jina hilo ilitoka kwa Wamarekani weusi wa New York, miaka ya 1970. Lakini mtu kusimama mbele ya wenzake na kutoa maneno kwa mpigo, kujisifu, kumsifu ng'ombe wake, kumkejeli mwoga, na wenzake wakimwitikia kwa kifua na koo, hicho si kitu mlichofundishwa na redio. Mnaye olaranyani. Kila rika linamchagua wake, na hachaguliwi kwa sura nzuri. Anachaguliwa kwa sauti, kumbukumbu na ulimi. Kijana anayefokafoka leo na olaranyani wa Eunoto si mtu mmoja, sitaki kuwadanganya. Lakini ukimwambia mzee wa hapa kwamba kipaji cha ulimi hakina maana, yeye mwenyewe atakucheka.

Na kwa Kiswahili kazi hii si changa. Mtanzania Saleh Jabir alikuwa ametoa rap ya Kiswahili tangu mwaka wa 1991. Hapa kwetu, vijana watatu wa Dandora waliojiita Kalamashaka walisikika na wimbo wao "Tafsiri Hii" mwaka wa 1997, na albamu yao ya kwanza, "Ni Wakati", ikatoka mwaka wa 2001. Dandora mnaijua, ni mahali pa jaa la taka la Nairobi. Vijana hao walisema habari za mtaa wao kwa lugha ya mtaa wao, na watu wakaacha kucheka wakaanza kusikiliza. Nataka mkumbuke hilo la kucheka na kusikiliza, maana ndiko tunakokwenda.

Kijana aliyeitwa Ebbo

Jina lake alilopewa nyumbani ni Abel Loshilaa Motika. Alizaliwa mwaka wa 1974, Mmaasai wa Arusha. Katika muziki alijiita Mr. Ebbo. Albamu yake ya kwanza aliiita "Fahari Yako", na wimbo uliombeba unaitwa "Mi Mmasai". Wengi wenu mmeusikia, hata kama hamkujua ni wa nani. Ulipigwa kwenye matatu, ulipigwa kwenye harusi, ulivuka Namanga bila pasipoti.

Sasa sikilizeni alichofanya, kwa maana ni jambo la akili sana. Siku hizo, na hata leo, Mmaasai akifungua mdomo mjini kusema Kiswahili, watu wanatabasamu kabla hajamaliza. Mnajua ninachosema. Vijana wangapi wa Shompole, wa Olkiramatian, wa Oldonyo Nyokie wamekwenda kulinda mageti ya watu Nairobi na Mombasa? Usiku kucha amesimama na rungu lake akilinda mali ya mtu, asubuhi watoto wa mwenye mali wanamwigiza anavyosema. Yeye anacheka nao, maana ndiyo kazi. Lakini akirudi nyumbani hasimulii sehemu hiyo.

Mr. Ebbo akachukua sauti hiyo hiyo inayochekwa. Hakuificha, hakujaribu kuimba kama mtu wa Dar es Salaam. Aliimba kwa lafudhi ya Kimaasai na kwa Kiswahili kinachovunjika kwa makusudi, lakini anayesema ndani ya wimbo si mjinga. Ni Mmaasai anayewatazama watu wa mjini na kuwashangaa wao. Anaona watu walioacha mila zao, wanaobadilika kila upepo unapovuma, halafu wanamcheka yeye ambaye hajabadilika. Msikilizaji anaanza kwa kucheka lafudhi. Akifika katikati ya wimbo anagundua kwamba anayechekwa ni yeye. Huo si uchekeshaji wa ovyo. Wazee wa hapa mkiwa barazani mnafanya vivyo hivyo, mtu anasimulia hadithi ya fisi na wote wanacheka, mmoja peke yake ananyamaza kwa sababu amejijua ndiye fisi.

Na tazameni jina la albamu, "Fahari Yako". Angeweza kusema "Fahari Yangu", akajisifu yeye. Alisema yako. Nimelifikiria jina hilo mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Ni kama anamwambia yule askari wa geti: hiki wanachokucheka ndicho mali yako.

Kuna mzee mmoja aliniambia, na alikuwa na hasira, kwamba Mr. Ebbo aliwafanya Wamaasai kichekesho, na baada ya wimbo ule kila mchekeshaji wa televisheni akafunga shuka na kuanza kuvunja Kiswahili. Siwezi kumkatalia mzee. Ni kweli waigaji walikuja, na wengi wao walichukua lafudhi wakaacha maneno. Lakini tofauti ipo na inaonekana. Mchekeshaji anayevaa shuka kwa saa moja kisha anavua anawacheka ninyi. Aliyezaliwa ndani ya shuka akaamua kusema atakavyo, huyo anacheka akiwa upande wenu. Kwa hiyo kijana wenu akiwaletea wimbo wa kuchekesha, msiulize kama unachekesha. Ulizeni ukiisha, nani ameinamisha kichwa.

Njia ile haikuwa moja tu. Arusha hiyo hiyo kulikuwa na kikundi cha X Plastaz, wengi wao ndugu wa familia moja, ambao si Wamaasai. Walimchukua mwimbaji wa Kimaasai anayeitwa Merege wakampa nafasi ya kuimba kama anavyoimba kwao, kwa Kimaa, kwa sauti ya kooni, katikati ya rap ya Kiswahili. Albamu yao "Maasai Hip Hop" ilitolewa mwaka wa 2004 na kampuni ya Ujerumani, ikawapeleka kupiga muziki Ulaya. Hakuna lafudhi ya kuigiza pale. Mimi binafsi naona sauti ya Merege ndiyo inayobeba nyimbo anazoimba. Lakini "Mi Mmasai" ndio walioimba watoto wa shule, maana Kiswahili kile waliweza kukifuata. Kijana wenu atalazimika kuchagua, Kimaa, Kiswahili, au mchanganyiko, na kila njia ina soko lake. Redio za Kimaa zipo sasa, na zina kiu ya nyimbo.

Maziwa na ng'ombe

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo sanduku la kikundi linapoumia.

Kina mama, nyinyi mnajua biashara ya shanga. Mama anakaa siku nne kutengeneza mkufu mmoja. Anakuja mchuuzi, ananunua mikufu thelathini kwa mpigo, analipa taslimu, mama anafurahi kwa sababu unga umepatikana. Mkufu ule ule unakwenda Nairobi kwenye soko la watalii, unauzwa kwa bei ambayo mama hataisikia. Mchuuzi hakuiba. Alilipa kilichoombwa. Lakini mkufu ni kitu kimoja, ukiuzwa umekwenda. Wimbo ni tofauti kabisa na mkufu, na vijana wengi hawaelewi tofauti hii hadi wamechelewa.

Wimbo ukirekodiwa, kuna rekodi ile ya asili, mama wa nakala zote. Wenyewe wanaiita masta. Kutoka kwa hiyo unaweza kutoa nakala elfu, na ile ya asili haipungui. Nitasema hivi ili hata koko aliyekaa pale aelewe: nakala ni maziwa, masta ni ng'ombe. Ukiuza maziwa leo, kesho utakamua tena. Ukiuza ng'ombe, umeuza na maziwa ya miaka yote, na ndama ambaye bado yumo tumboni.

Wakati "Fahari Yako" inatoka, muziki uliuzwa kwa kanda. Desturi ya Dar es Salaam siku hizo ilikuwa hivi: msanii anakwenda kwa msambazaji na masta yake, anapewa pesa za mara moja, msambazaji anatoa kanda na kuziuza nchi nzima. Zimeuzwa ngapi? Msanii hana njia ya kuhesabu. Akiona jina lake kila duka na mfukoni hana nauli, anaanza kunung'unika, lakini karatasi aliyotia sahihi inasema ameuza. Hapa Kenya ilikuwa hivyo hivyo River Road, na juu yake kulikuwa na wezi wa kunakili kanda usiku na kuziuza barabarani asubuhi. Waimbaji wa lugha zote walilia, wa Kikamba, wa Kijaluo, wa Kikuyu. Wengi walikufa maskini na nyimbo zao zinachezwa kwenye matanga yao wenyewe.

Mr. Ebbo alipopata nguvu alifanya jambo ambalo nalisifu kuliko nyimbo zake. Alianzisha studio yake mwenyewe Tanga, akaiita kwa jina la ukoo wake, Motika. Alinunua ng'ombe, kwa lugha yetu ya leo.

Kanda zimekwisha sasa. Muziki unapita kwenye simu. Vijana watawaambia kwamba siku hizi hakuna msambazaji, kila mtu anaweka wimbo wake YouTube na dunia nzima inaona. Ni kweli, na ni nusu ya kweli. Dunia nzima inaweza kuona, lakini dunia haijui kwamba uko. Na bado yupo mtu wa katikati, amebadilisha nguo tu. Anaweza kuwa mwenye studio anayeweka wimbo kwa jina lake kwa sababu kijana hana barua pepe. Anaweza kuwa anayejiita meneja. Kijana mmoja wa upande huu, sitamtaja wala kutaja aliyemfanyia, alirekodi bila kulipa kwa sababu mwenye studio alimwambia "tutagawana baadaye". Hakuna karatasi iliyoandikwa. Wimbo ukapendwa. Baadaye ikawa haifiki. Leo wimbo wake unachezwa kwenye simu za watu na akaunti inayopokea pesa si yake. Yeye anaendesha boda boda ya mtu.

Sheria ya Kenya ya hakimiliki ni ya mwaka wa 2001, na iko upande wa mtunzi kuliko tunavyodhani. Haki inaanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, hata kabla hujaenda ofisi yoyote. Mtunzi anaimiliki maisha yake yote, na baada ya kufa warithi wake wanaimiliki miaka 50 zaidi. Kumhamishia mtu mwingine haki hiyo lazima kuwe kwa maandishi na kwa sahihi. Maneno ya mdomo hayatoshi kumnyang'anya. Ipo Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ambayo inaandikisha kazi na kutoa cheti. Si lazima uwe nacho ili uwe na haki, lakini siku ya ugomvi cheti kinasema kuliko wewe. Tena kuna zile nyimbo zinazosikika unapompigia mtu simu kabla hajashika. Sheria ilirekebishwa mwaka wa 2022 ikasema mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52 ya mapato hayo. Sasa fikirieni, asilimia 52 inakwenda kwa mwenye wimbo. Mwenye wimbo ni nani? Ni yule ambaye karatasi zinamtaja. Tumerudi kwa ng'ombe na masta.

Jina lenu pia lina bei

Hapa nitasema kidogo tu, ingawa lingeweza kuwa mazungumzo ya siku nzima. Jina "Maasai" linauzika duniani kuliko mnavyojua. Mwaka wa 2012 kampuni ya mitindo ya Ufaransa, Louis Vuitton, iliuza nguo na skafu za miraba inayofanana na shuka zenu. Kuna magari, viatu, na vitu vingi vilivyochukua jina hili, na Wamaasai wenyewe wamekuwa wakijipanga kudai chao. Kijana akienda kurekodi na jina la Kimaasai, mavazi ya Kimaasai na mwitikio wa Kimaasai, anabeba kitu ambacho si chake peke yake.

Kwa hiyo kuna nyimbo ambazo asiziguse kabla ya kuuliza. Mambo ya Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr yaliwekwa na UNESCO mwaka wa 2018 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kama kijana anataka kuchukua wimbo wa rika wa sherehe na kuuwekea midundo ya kompyuta, aketi kwanza na wazee wa rika hilo. Labda watakubali. Labda watamwambia chukua mwitikio huu, acha maneno yale. Hilo si kumnyima uhuru. Ni kumfanya asije akafukuzwa na watu wake kwa wimbo ambao alidhani unawasifu.

Na wazee nanyi, akija kuuliza, msimfukuze kwa sababu ya suruali yake.

Mkopo wenyewe

Nimeulizwa nitoe maoni, nitayatoa. Kikundi kimkopeshe. Lakini si kwa nyimbo kumi na mbili.

Albamu ni neno tamu, linafanya mtu ajisikie mkubwa. Wakati wa kanda ilikuwa na maana, kwa sababu ulipaswa kujaza pande mbili, A na B. Leo watu wanasikiliza wimbo mmoja mmoja kwenye simu. Arekodi nyimbo mbili au tatu zilizo kali kabisa, azipeleke redioni, aziimbe sokoni Kiserian siku ya mnada, aone. Zikishika, za albamu zitajilipia. Zisiposhika, deni ni la mbuzi wachache, si la ng'ombe. Tuseme mkopo mzima ungekuwa shilingi 60,000. Nyimbo tatu hazizidi robo yake, shilingi 15,000, na robo hiyo kikundi kinaweza kuivumilia hata kama mvua itakataa kunyesha.

Halafu ni nani atakayelipa? Si "nikiwa staa nitalipa". Katiba ya kikundi haina kifungu cha ustaa. Mkopo wa wimbo ulipwe kutoka kwa kitu ambacho hakitegemei wimbo: mbuzi wake, kibarua chake kwenye magadi, au mama yake akiwa mdhamini kwa hiari na si kwa kulazimishwa na mapenzi ya mama. Nimeona wadhamini wa aina hiyo wakiuza mbuzi wa mwisho, na ni mama huyo huyo aliyekuwa na haya ya kukataa mbele ya wenzake. Mwekahazina amuulize peke yake, pembeni.

Studio ilipwe moja kwa moja, kazi nusu nusu, na risiti iletwe. Kijana asipewe pesa zote mkononi akaenda Kitengela Ijumaa jioni. Kitengela ya Ijumaa jioni mnaijua wenyewe, sina haja ya kuieleza. Kabla ya kurekodi, iandikwe karatasi moja, kwa Kiswahili, inayosema maneno ni ya nani, midundo ni ya nani, masta inabaki kwa nani, na wimbo utawekwa kwenye simu kwa akaunti ya nani. Aliyetengeneza midundo naye ana haki yake, msije mkamdhulumu mtoto wa mtu mwingine huku mkimtetea wa kwenu. Mwenye studio akikataa kutia sahihi, hapo mmeshajibiwa. Tafuteni nyingine. Kitengela studio si moja.

Kuna mama aliniuliza kama maneno ya nyimbo yatakuwa machafu. Ni haki yake kuuliza, pesa ni yake. Kijana asome maneno yote mbele ya kikundi, bila muziki, kwa sauti ya kawaida. Hiyo ni dawa kali. Maneno mengi ambayo yanajificha nyuma ya ngoma yanaona haya yakisimama peke yake mbele ya mama na shangazi. Lakini kikundi kisiwe kamati ya kunyamazisha. Akisema juu ya ardhi ya ranchi iliyogawanywa na kuuzwa, juu ya msichana aliyetolewa shule akaozwa, juu ya baba anayekunywa pesa ya ng'ombe, hayo si machafu hata kama yatamkera mtu aliyeketi hapa leo. Ndiyo kazi yake. Wale wa Dandora hawakuimba juu ya maua.

Na kuna jambo ambalo hamkuniuliza. Wasichana. Kila mara ninapoletewa habari ya kijana mwenye kipaji cha kusema, ni mvulana. Nimewasikia mabinti wa shule ya msingi hapa wakitoa mashairi kwenye tamasha, wakaifanya hadhira isimame. Wanakwenda wapi baada ya shule ya msingi? Kikundi cha kina mama kikifungua mlango huu wa mkopo, kiandike kabisa kwamba uko wazi kwa mabinti pia, ili asije mtu akasema baadaye hakujua.

Mr. Ebbo alifariki tarehe 1 Desemba 2011, kwa saratani ya damu. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kwa sheria ya nchi yake, kama ilivyo kwetu, haki ya nyimbo hufuata familia miongo mingi baada ya mtunzi kuzikwa. Ni zile tu ambazo hazikuuzwa. Hata leo mtu akiupiga "Mi Mmasai" kwenye harusi hapa Magadi, wazee wanatabasamu, vijana wanajua kila neno, na walinzi waliorudi likizo wanaimba kwa sauti kuliko wote.

Nimemaliza sehemu yangu. Fomu ya mkopo katibu anayo, na kijana mwenyewe yupo hapa, ameketi karibu na tangi la maji. Anaweza kuulizwa. Lakini yule mama wa Oloika ameinua mkono tangu nilipotaja mdhamini, kwa hivyo tuanze naye.